Kivu: Waandishi wa habari za wanyama, kati ya msomaji wa Ulaya na mvuvi wa Nyakakoma

Mwezi wa Aprili 2025, mizoga ya viboko ilionekana ikielea katika mto Ishasha, mpakani mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda, ndani ya mbuga ya Virunga. Viongozi wa mbuga walihesabu viboko wasiopungua 50, pamoja na wanyama wengine wakubwa. Vipimo vya maabara vilitoa jibu: kimeta.

Habari hiyo ilizunguka dunia kwa muda mfupi. Kwa msomaji wa London au Paris, ilikuwa habari ya kuhuzunisha kuhusu wanyama wa mbali. Kwa wakaaji wa Nyakakoma, Vitshumbi na Kyavinyonga, vituo vya uvuvi vilivyo kandokando ya ziwa Edward, ilikuwa habari ya chungu na sahani. Mto Ishasha unamwaga maji yake katika ziwa hilo. Je, maji yanafaa kunywewa? Mtu aliyekula nyama ya kiboko aliyeokotwa afanye nini? Ng'ombe na mbuzi wanaochungwa karibu na mto wako salama?

Maswali ya aina hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa habari za sayansi na asili. Mashariki ya Kongo, wengi wanaofanya kazi hiyo hawana ofisi wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni waandishi wa kujitegemea: wanatafuta habari wenyewe, wanaiuza kwa gazeti, redio au tovuti itakayoipokea, na wanalipwa baada ya kutangazwa. Wanaishi Goma, Bukavu, Butembo, Beni au Bunia, karibu na mbuga zinazojulikana duniani kote. Lakini habari inayowapatia pesa mara nyingi si ile ambayo jirani yao anaihitaji.

Kueleza kimeta kwa mtu mwenye njaa

Mfano wa viboko unaonyesha vizuri kazi hiyo inadai nini. Kusema kwamba viboko wamekufa ni mstari mmoja. Kueleza kwa nini mzoga usiguswe kunahitaji mwandishi aelewe ugonjwa wenyewe.

Kimeta husababishwa na bakteria. Mnyama huupata anapokula majani au kunywa maji yenye spora zake, yaani mbegu ndogo sana za bakteria hiyo zenye ganda gumu. Mzoga ukipasuliwa, bakteria iliyo ndani ya damu hukutana na hewa na kugeuka spora. Spora hizo huweza kukaa udongoni miaka mingi, zikisubiri mnyama mwingine. Ndiyo maana mchinjaji mwenye nia njema ya kutopoteza nyama anaweza kueneza ugonjwa kuliko mzoga ulioachwa mzima.

Binadamu huupata kwa kushika mnyama au ngozi yake akiwa na kidonda, kwa kula nyama yake, au kwa kuvuta spora hewani. Ukishika ngozi, huanza kama kipele na kuwa kidonda chenye gamba jeusi, mara nyingi bila maumivu makali. Dawa za antibiotiki hutibu, mgonjwa akifika mapema kwenye kituo cha afya. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa mvuvi, na ndiyo inayoachwa kwa urahisi katika habari fupi inayotumwa ng'ambo.

Taasisi ya Kongo ya Kulinda Asili, ICCN, iliwaomba wakaaji wasikaribie wanyama wa porini na wachemshe maji. Viongozi wa Virunga walieleza kwamba mizoga inapaswa kuzikwa pamoja na soda kaustiki, na kwamba kuifikia ni kazi ngumu kwa kukosa njia na vifaa. Mwandishi mwenye kumbukumbu angeongeza jambo jingine: mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi upande wa Uganda wa ziwa hilohilo, katika mbuga ya Queen Elizabeth. Angekumbusha pia kwamba viboko wa Virunga, ambao miaka ya 1970 walizidi 20,000, walishuka hadi mia chache tu kufikia 2006 kwa sababu ya ujangili wa miaka ya vita. Leo mbuga inakadiria kuwa nao wapatao 1,200. Kati ya idadi hiyo, 50 si wachache.

Makala na makala

Mjini Goma, ukisema neno makala, mama wa sokoni ataelewa kwanza makaa ya kupikia. Kwa mwandishi wa asili, makala zote mbili zinahusiana.

Mwezi wa Julai 2007, ngagi kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi ndani ya Virunga. Mmoja wao alikuwa dume mkubwa aliyeitwa Senkwekwe. Mpiga picha wa Afrika Kusini, Brent Stirton, alipiga picha ya wanakijiji wakimbeba Senkwekwe juu ya miti, na picha hiyo ikaenea ulimwenguni.

Lakini picha haikusema nani aliua, wala kwa nini. Walioichunguza habari hiyo walianza na jambo dogo: miili haikuguswa. Jangili huchukua nyama, mikono au mtoto wa ngagi wa kuuza. Hapa hakuna kilichochukuliwa. Hivyo macho yaligeukia biashara ya makala, kwa sababu miti ya mbuga ndiyo inayokatwa na kuchomwa ili kulisha majiko ya Goma, na mlinzi anayezuia biashara hiyo ana maadui. Mwaka uliofuata, jarida la National Geographic lilitoa uchunguzi mrefu juu ya mauaji hayo, na mkubwa mmoja wa mbuga alikamatwa akishukiwa kuhusika.

Kisa hicho kinabaki kuwa somo kwa kila anayeanza kazi hii mashariki ya Kongo. Habari ya ngagi ilikuwa kumbe habari ya jiko, ya bei ya gunia, ya mji uliojaa wakimbizi wasio na umeme wala gesi. Anayeandika ngagi bila kuandika jiko anawaacha wasomaji wake wakidhani kwamba watu wa Kivu wanawachukia wanyama.

Nani analipa pikipiki?

Kutoka mjini hadi pembeni mwa mbuga kunahitaji pikipiki, mafuta, mahali pa kulala, chakula, na vocha ya simu ya kutumia sauti na picha. Mwandishi aliyeajiriwa na chombo kikubwa hutumwa. Wa kujitegemea hujituma. Akirudi bila habari, hasara ni yake.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Nchini Kongo, desturi ya mwandishi kupewa bahasha na yule aliyemwalika inajulikana na wote kwa jina la coupage. Shirika linafungua kitalu cha miti, linatuma gari, linalipa chakula cha mchana, na mwisho wa sherehe kila mwandishi anapata chake. Wengi huipokea kwa sababu chombo wanachokiandikia kinalipa kidogo sana au hakilipi kabisa. Lakini habari inayotoka hapo haina swali hata moja: miti mingapi ilikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ardhi ilikuwa ya nani, na nani alifukuzwa ili kitalu kipatikane.

Hata bila bahasha, tatizo lipo. Njia salama ya kuingia Virunga au Kahuzi-Biega ni kwa ruhusa na ulinzi wa mbuga yenyewe. Mwandishi anayepanda gari la walinzi anaona wanachoona walinzi. Anayefika kwa mguu na wakulima anaona shamba lililofyekwa na tembo, na analala kwenye nyumba ya mtu aliyetozwa faini kwa kukata kuni. Ukweli kamili unadai safari zote mbili, na safari zote mbili zina gharama.

Baadhi wamepata njia nyingine kupitia misaada ya safari inayotolewa kwa waandishi. Mfuko wa uandishi wa misitu ya mvua wa Pulitzer Center, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa fedha za Norway, unagharamia habari za Amazon, bonde la Kongo na Asia ya kusini-mashariki. Tovuti ya Mongabay nayo hupokea habari za waandishi wa kujitegemea walioko mashinani. Kwa mwandishi wa Bukavu, msaada wa namna hiyo unaweza kuwa tofauti kati ya kupiga simu tatu na kukaa wiki nzima kijijini.

Hata hivyo, pesa ikikubaliwa bado lazima ifike. Tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, benki za biashara zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Wakaaji wengi walilazimika kutegemea pesa kwa njia ya simu au kuvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta noti. Mwandishi aliyemaliza kazi yake alijikuta kwenye foleni ileile.

Hesabu zinazodanganya

Ugumu mwingine hauhusiani na vita. Ni hesabu.

Mwaka 2016, watafiti walitangaza kwamba ngagi wa Grauer, wale wa nyanda za chini wanaoishi Kongo pekee, wamebaki takriban 3,800. Miaka ya kati ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2021 makadirio mapya yalitoka: 6,800. Mtu mwenye haraka angeandika kichwa cha habari kwamba ngagi wameongezeka kwa 3,000 katika miaka mitano.

Ingekuwa kosa. Ngagi jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo idadi haiwezi kupanda namna hiyo. Kilichobadilika ni kwamba watafiti walifika kwenye misitu ambayo zamani haikufikika kwa sababu ya usalama, na wakakuta ngagi ambao hawakuhesabiwa. Hali bado ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya vita.

Kwa ngagi wa milimani, mambo ni tofauti. Hesabu iliyotangazwa miaka ya 2018 na 2019 ilitoa jumla ya 1,063, yaani wale wa safu ya Virunga na wale wa Bwindi nchini Uganda. Hawa kweli waliongezeka. Mwezi wa Novemba 2018 shirika la kimataifa la IUCN liliwaondoa kwenye daraja la wanyama walio hatarini kabisa na kuwaweka kwenye daraja la wanyama walio hatarini. Hawakuhesabiwa kwa macho tu. Makundi ya watu yalipanda milima, yakatafuta viota ambamo ngagi hulala usiku, yakakusanya kinyesi, na maabara ikatambua kila mnyama kwa DNA yake.

Mwandishi anayeuliza hesabu ilipatikana vipi ndiye anayeweza kutofautisha habari hizo mbili. Asiyeuliza ataandika furaha mahali pa huzuni.

Na si kila ugunduzi huanzia maabara. Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Opala, watafiti walimwona tumbili mchanga wa kike aliyefugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Wao hawakumjua. Wakaaji walimjua vizuri, wakimwita lesula. Mwaka 2012 akatangazwa rasmi kuwa aina mpya kwa sayansi. Mwandishi mzuri wa asili hupita kwanza kwenye uwanja wa nyumba za watu, anasalimia wazee, anakaa, ndipo anauliza.

Msituni kuna watu

Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1970. Miaka iliyofuata, maelfu ya Batwa walitolewa msituni bila kupewa ardhi mahali pengine. Tangu 2018 baadhi yao walirudi ndani, na mapigano yakazuka. Mwezi wa Aprili 2022, shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti iliyowashutumu walinzi na wanajeshi kwa mashambulizi dhidi ya vijiji vya Batwa. Viongozi wa mbuga walizikataa shutuma hizo. Upande mwingine, watetezi wa asili wameonyesha sehemu za msitu zilizokatwa kwa ajili ya makala na mbao tangu watu warudi.

Hapa mwandishi wa asili hawezi kuchagua mnyama na kumwacha mtu, wala kufanya kinyume chake. Walinzi nao wana makaburi yao. Katika historia ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiwa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu wasiopungua 17 waliuawa katika shambulio moja, wengi wao walinzi. Mjane wa mlinzi na mama wa Kitwa aliyechomewa nyumba wote wana haki ya kusikika katika habari moja, hata kama hawatakubaliana.

Hatari isiyo na bima

Wa kujitegemea hana bima wala gari la kumwokoa. Akikamatwa kwenye kizuizi, hakuna mkurugenzi wa kupiga simu. Barua ya chombo cha nje inaweza kumsaidia kwa askari mmoja na kumtia mashakani kwa mwingine.

Habari za sayansi zinaonekana laini kuliko za siasa, lakini si hivyo. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, jimbo la Ituri, aliuawa nyumbani kwake tarehe 2 Novemba 2019. Alikuwa akiendesha kipindi cha kuwaelimisha wasikilizaji kuhusu Ebola, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 2,200 mashariki ya nchi kati ya 2018 na 2020.

Kampuni za mafuta na madini pia hazipendi maswali. Mélanie Gouby, Mfaransa aliyekuwa mwandishi wa kujitegemea mjini Goma, alirekodi kwa siri mazungumzo na watu waliokuwa na uhusiano na kampuni iliyotafuta mafuta ndani ya Virunga. Sehemu ya kazi yake iliingia katika filamu ya Virunga ya mwaka 2014. Mwezi wa Juni mwaka huohuo kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaacha kazi ndani ya mbuga. Gouby alikuwa na pasipoti ya kumwezesha kuondoka. Mwandishi aliyezaliwa Rutshuru au Masisi anabaki, na familia yake inajulikana mtaani.

Kwa sababu hiyo waandishi wa hapa wamejiwekea kanuni zao. Jina la mchoma makala aliyesema ukweli halitolewi. Mahali kundi la ngagi linapolala hapaandikwi. Picha yenye alama ya mahali ilipopigwa haitumwi hivyohivyo. Na mwandishi mwenye mafua hapandi kuwaona ngagi, hata kama amesubiri ruhusa kwa miezi, kwa sababu ugonjwa wa binadamu unaweza kumuua ngagi.

Habari inarudi nyumbani?

Mwezi wa Januari 2017, jarida la Nature lilitangaza kwamba katikati ya bonde la Kongo kuna ardhi oevu yenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,500, iliyohifadhi tani bilioni 30 za kaboni. Mmoja wa watafiti wanaoijua vizuri ni Mkongomani, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango. Dunia ilisoma habari hiyo kwa Kiingereza. Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili lazima kwanza amwambie msikilizaji kitu chenyewe ni nini: udongo mweusi uliolowa maji, uliotokana na majani na miti ambayo haikuoza kabisa kwa maelfu ya miaka, na ambao ukikaushwa huachia hewa inayopasha dunia joto. Hilo ni fungu zima badala ya neno moja. Hakuna anayemlipa mwandishi kwa fungu hilo.

Bado wapo wanaolifanya. Wakishauza habari kwa tovuti ya nje, wanaisimulia tena kwa Kiswahili, Kinande au Mashi kwenye redio ya jamii, bure au kwa nauli tu. Redio ndiyo inayofika ambako intaneti haifiki. Mvuvi anaisikiliza akitengeneza wavu, na anaweza kupiga simu kuuliza swali kabla ya kipindi kuisha. Mhariri wa ng'ambo huwa hapati swali kama hilo.

Baadhi ya wafadhili wa safari sasa huuliza kwenye fomu zao habari itarudi vipi kwa watu walioitoa. Swali hilo likiambatana na bajeti, hata ndogo ya kulipa saa moja ya redio na tafsiri, kazi inayofanywa kwa kujitolea inaweza kuwa kazi yenye malipo. Vyombo vya habari vya Kongo vina sehemu yao pia: chombo kinachoomba habari ya asili bila kulipa pikipiki kinajua kwamba bahasha ya mtu mwingine italipa.

Kuhusu viboko wa Ishasha, habari haijafungwa. Spora za kimeta hazikuondoka pamoja na mizoga iliyozikwa, na ile ambayo haikufikiwa iliozea mtoni na ukingoni. Mvua nyingi zikifuatwa na ukame, udongo hufunuliwa na ugonjwa unaweza kurudi. Mtu atahitaji kwenda tena Nyakakoma kuuliza kama mifugo inakufa, kama kituo cha afya kina dawa, na kama wachinjaji wanajua gamba jeusi kwenye mkono lina maana gani. Ni safari ndefu ya pikipiki kutoka Goma, na hadi leo anayekwenda huko kwa kujitegemea hukodi pikipiki hiyo kwa pesa zake.